Madera Mawili Majini

Nahodha wa kikundi chetu cha kupanda mikoko alisema waziwazi: mwanamke asiyeweza kuelea na nguo zake za kazi hapandi chombo chake. Mimi nimezaliwa Kisauni, na umri wote huu bahari nilikuwa nikiitazama tu. Aibu gani hiyo! Na kazi ile niliitaka, wallahi.

Wifi yangu akanifundisha kuelea, mchana, maji vuguvugu ya kufika kiunoni. Lakini mtihani wa nahodha ukawa alfajiri, mwezi wa saba, upepo wa kusi unavuma na mvua imenyesha usiku kucha. Sisi wa Pwani tunadhani baridi ni ya watu wa bara. Hofu yangu mimi ilikuwa nguo kuloa zikanishika mwili mbele ya wanaume, basi nikavaa madera mawili, moja juu ya jingine, na leso nikaifunga kiunoni. Wifi akaniangalia, akacheka. "Unakwenda majini au harusini?"

Nikaruka kutoka chomboni. Yallah! Pumzi ikakatika, kifua kikabana, nikawa nahema pumzi fupi fupi nisizoweza kuzizuia. Mikono ilitaka kuparamia hewa.

"Usipigane nayo!" wifi akanipigia kelele kutoka chomboni. "Lala chali, pumzi itarudi!"

Nikalala. Madera yalikuwa yamenasa hewa, yamevimba kama puto, yakanibeba. Nikahesabu. Kabla sijafika sitini kifua kililegea, ngozi ikaacha kuchoma, na maji yaliyokwama kati ya nguo na mwili yakapata joto langu. Basi nikaona raha, raha ya kweli, nikawa natazama mawingu tu.

Kisha hewa ikatoka. Leso ikanizonga miguu, na vidole vilikuwa vimekufa ganzi, fundo halifunguki. Nikaisukuma chini kwa viganja mpaka ikanitoka. Kupanda chomboni ndiko kulikuwa kazi: nguo zilikuwa nzito utadhani nimebeba gunia la mchanga. Nahodha akaninyooshea mkono, wifi akamzuia. "Mwache apande mwenyewe."

Nikapiga mateke, nikavuta, nikaangukia tumbo ndani ya chombo.

"Kesho saa kumi na mbili," nahodha akasema. "Usichelewe, mama."

Meno yakigongana, nikamjibu, "Wewe ndiye usichelewe."