Kawa Limefunikwa Jambiani

Shangazi yetu, mzaliwa wa Mji Mkongwe, ana neno moja la kummaliza kila mtu: ushamba. Ukinywa chai kwenye kisahani, ushamba. Ukicheka gego likaonekana, ushamba. Siku moja nlimuuliza, na lile shamba la karafuu lililomjengea babu ghorofa, nalo ushamba? Akaniambia sina adabu. Kanzu za wazee wetu zilibaki nyeupe kwa sababu matope waliyakanyaga wengine, lakini hilo kwetu halisemwi.

Basi mdogo wangu wa kiume akampenda msichana wa kijiji cha Jambiani, kupenda kwa kukosa usingizi. Mama yake msichana analima mwani. Shamba lake liko baharini, hulifikia maji yakitoka. Mama yetu ameshatangulia mbele ya haki, kwa hivyo wa kwenda kumuulizia mchumba ni shangazi. Mimi nlimfuata nimshike ulimi.

Tulipokewa vizuri, tukatandikiwa mkeka mpya. Ikaja sinia ya wali na pweza wa nazi. Mama wa msichana akafunua kawa, kile kifuniko cha ukili, akasema, "Karibuni, bi mkubwa."

"Ahsante, tushakula," akajibu shangazi.

Uongo mtupu. Tulikuwa na njaa tangu asubuhi. Ila kwa ustaarabu wake yeye, mgeni hukataa kwanza, akabembelezwa, akakataa tena, ndipo aonje kwa ncha za vidole. Mwenyeji hakubembeleza. Alirudisha kawa juu ya sinia, taratibu.

"Tumefahamu," akasema. "Kwetu, aliyekuja kwa jambo kama hili akakataa chakula, ameshajibu."

Simu yangu ikalia mkobani. Nlijua ni mdogo wangu, na sikuwa na uso wa kumjibu. Nlimchukia shangazi pale pale, yeye na udi wake aliojifukiza kuja huku.

Shangazi alinitazama. Kisha akakunja mikono ya buibui, akafunua kawa la watu kwa mkono wake mwenyewe, akachota wali kiganja kizima. Mchuzi ukamtiririka hadi kiwikoni.

"Dada," akasema mdomo umejaa, "mtoto wetu anampenda mwanao. Niongeze pweza."

Mama wa msichana akamsogezea sinia, anacheka. Simu ikalia tena, nikapokea.

"Vipi?" mdogo wangu akauliza.

"Shangazi anakula."

"Anaonja?"

"Anakula. Mpaka kiwiko."

Anamjua shangazi. Nikamsikia analia.