Majembe Manne Ukutani

Siku ile siikumbuki kwa kichwa, mwanangu, naikumbuka kwa mguu. Mvua ikikaribia, ugoko huu wa kushoto hunipa habari kabla ya mawingu, nami hucheka peke yangu. Wajukuu hudhani uzee umenipanda kichwani.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami kijana wa Kisarawe niliyekwisha kuposa. Mchumba wangu alikuwa Zuhura, binti wa Chole, na wazee walikubaliana kwamba tukivuna mpunga wa masika ile, ndoa inafungwa. Nilikuwa na baiskeli isiyo na breki. Baiskeli za namna hiyo tulizisimamisha kwa kukanyaga tairi kwa kisigino. Ndiyo maana baba alikuwa na amri moja: ukifika mteremko wa kwenda Pugu, shuka, uikokote. Wanaume wazima walishuka pale na mizigo yao, wala hakuna aliyeona haya.

Asubuhi moja nikapakia gunia la machungwa kwenda kuuza. Pale juu nikawakuta kaka zake Zuhura wanakokota baiskeli zao taratibu. Ujana una wazimu wake. Nikataka shemeji zangu waone dada yao anaolewa na mwanamume, nikapiga kengele, nikawapita. Kwenye kona lori la kuni likawa linapanda, nami nikaingia mtaroni. Machungwa yaliteremka yenyewe hadi chini, na nasikia watu walikula vizuri siku hiyo. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wengine huambiwa kwa mfano. Mimi nililivunja guu lenyewe, na shemeji zangu wakanirudisha nyumbani mgongoni, kwa zamu.

Mvua zikaanza. Nilidhani aliyevunjika ni mimi tu, mpaka alipokuja bibi, mama yake baba. Unawajua bibi zetu kwa utani, mjukuu wa kiume ndiye mume wao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Naona umeamua kunioa mimi, maana Chole kwa mguu huo hufiki."

Nikacheka. Akatoka, akarudi na majembe, akayaegemeza ukutani moja moja mbele ya kitanda changu.

"Hili lako. Hili la babako, kamfuata mganga wa mifupa. Hili la mamako, yuko jikoni anachemsha maji ya kukukanda. Hili la kaka yako, kutwa yuko hapa anakunyanyua na kukulaza. Mguu umevunjika mmoja, mume wangu, majembe manne yamelala. Na mvua haimngoji mtu."

Sikucheka tena. Aliyaacha palepale, na kila nilipoamka niliyaona, vumbi limeyakaa. Nilimwambia mama aende shamba, nitajikanda mwenyewe. Aliendelea kunikanda.

Mpunga wetu ulipandwa kidogo, tena kwa kuchelewa. Mbuzi wawili walikwenda kwa mganga, na sisi tukala muhogo mwaka mzima. Ndoa ikaahirishwa. Niliumia sana, mwanangu, na niliogopa kwao Zuhura watamwoza kwa mwingine, na nani angewalaumu? Lakini Zuhura alinitumia salamu: "Mwambieni nangoja, ila ajifunze kushuka."

Masika iliyofuata tukavuna, nikaoa. Wiki moja baadaye nikampakia mke wangu nyuma ya baiskeli kwenda Pugu. Tulipofika pale juu, kabla sijanyanyua kisigino, yeye alikuwa ameshasimama chini.

"Miguu hiyo miwili nimeingoja mwaka mzima," akasema. "Ishushe."

Nikaishusha. Tukauteremka mlima kwa miguu, tunacheka, na wapita njia wakitucheka pia. Haikuniuma hata kidogo.

Leo wewe una pikipiki, na breki zake ni nzuri kuliko kisigino changu. Sikwambii usipande. Ninakwambia hivi: kabla hujaiachia kwenye mteremko, yatazame majembe ya kwenu. Barabarani hakuna anayeumia peke yake. Ukilala wewe, analala na anayekuuguza, na shamba lao linalala, na mwanamke anayekungoja anangoja zaidi. Ushujaa wa nukta moja usiwalishe muhogo mkavu watu wanaokupenda.

Mola akupe safari zenye marejeo, na kila masika ikifika, ikukute umesimama, na jembe lako liko mkononi.