Kibao cha Utepe wa Kijani

"Mama Nasma, hivi huyu mjukuu wako ni kiranja wa nini?"

Aliniuliza hivyo jirani yangu Bi Moza, siku ya Jumatano, tumekaa barazani hapa Mtaa wa Sikukuu, mimi nakaanga samaki, yeye anachambua mchele. Nikamjibu bila kufikiri, wa darasa. Akacheka.

"Kiranja wa darasa ninayemjua mie ana mdomo kama tarumbeta. Huyu wako wiki ya pili hii, zaidi ya shikamoo simsikii kitu. Au ni kiranja wa kunyamaza?"

Nikacheka na mimi. Leo nikikumbuka kicheko kile natamani nijifinye.

Mjukuu wangu anaitwa Anifa, ana miaka kumi na minne. Mama yake, Nasma, anafanya kazi Mtwara, kwa hiyo mtoto nimemlea mimi tangu anatambaa. Hakuwa mtoto wa kunyamaza hata siku moja. Shule ya msingi alisoma hapa hapa Kariakoo, watoto zaidi ya mia chumba kimoja, wengine wamekaa sakafuni, na bado alikuwa anarudi na kila alichofundishwa kama mtu aliyetoka sokoni na kapu limejaa. Siku waliyofundishwa sehemu alinikatia chapati yangu vipande vinane, akala vitatu, akaniuliza, "Bibi, umebakiwa na ngapi ya nane?" Nikamwambia nimebakiwa na njaa. Siku ya jiografia alichora ramani ya nchi kwa mkaa pale uani, Ziwa Tanganyika likapita mbele ya mlango wa choo, na wapangaji wote siku ile wakawa wanavuka ziwa kwenda kujisaidia.

Lakini aliyoipenda kupita yote ni sayansi. Jumamosi nikirudi soko la Feri na samaki, yeye ndiye wa kuwapasua, na hapasui kama mimi mwenye haraka ya wateja. Anatoa moyo anauweka pembeni. Anatoa kile kifuko cha hewa anakibonyeza. Anafunua shavu la changu ananionyesha matamvua yalivyo mekundu. "Haya ndiyo mapafu yake, Bibi. Maji yanaingia mdomoni yanatokea hapa." Miaka yote nimekaanga samaki, na aliyenifundisha samaki anavyopumua ni yeye.

Januari mwaka huu akaanza kidato cha kwanza. Huko masomo yote, ukitoa Kiswahili, yanafundishwa kwa Kiingereza. Najua ndivyo ilivyo, kila mtu anajua. Mimi niliishia darasa la saba, sikujiona mtu wa kusema kitu. Nikawa naona madaftari yanajaa, mwandiko umenyooka. Siku moja nikafungua la historia, nikaweka kidole.

"Hapa panasema nini?"

"Sijui, Bibi."

"Si umeandika wewe?"

"Nimenakili ubaoni."

Nikafungua la jiografia. "Na hapa?"

"Napo nimenakili."

Hesabu alikuwa anajikongoja nazo, kwa sababu namba ni namba popote. Ikija hesabu ya maneno anashika tama mpaka magharibi. Mtoto aliyevusha wapangaji Ziwa Tanganyika! Nikamwombea dua, nikajiambia atazoea.

Mwanzoni mwa Mei akarudi na kibao shingoni. Kipande cha mbao, ukubwa wa kiganja, kimeandikwa maneno ya Kiingereza kwa rangi nyekundu, kimefungwa kamba ya katani inayomkwaruza. Wakati wetu kiranja alikuwa na beji kifuani. Nikaona basi, siku hizi ni hivi.

"Anifa! Wamekuchagua kiranja?"

Aliniangalia. Mimi furaha yote iko usoni, mikono imejaa unga. Akasema taratibu, "Ndiyo, Bibi."

Mwenyezi Mungu anisamehe kwa nilichofanya. Kesho yake nilikwenda kwenye maduka ya vitambaa Barabara ya Uhuru, nikachagua utepe wa kijani, laini. Ile kamba nikaitupa. Kibao nikakisugua kwa mafuta ya nazi mpaka kikang'aa. Kila asubuhi nikawa namvalisha mwenyewe pale mlangoni, namnyooshea, nasema bismillahi. Na mtaa mzima nikautangazia.

Sasa swali la Bi Moza likanikaa. Jioni ile ile, baada ya alasiri, kibao kikiwa kwenye msumari na Anifa yuko uani anafua sare, akaingia Augustino. Ni mpangaji wetu, kijana wa Masasi, anafanya kazi bandarini kwenye ofisi ya kutoa mizigo. Kutwa nzima anasoma karatasi za Kiingereza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Hebu nisomee hiki, Bi Moza asinicheke. Kiranja wa nini?"

Alikipokea anatabasamu. Tabasamu likamwisha. Akakigeuza, akaugusa ule utepe.

"Mama, huu utepe umeweka wewe?"

"Wewe soma."

"Kimeandikwa, 'Mimi ni mjinga. Nimeongea Kiswahili.'"

Samaki wakaungua. Sikuwageuza.

Nilimwita Anifa, nikamwonyesha kibao tu, sikuuliza. Akakaa chini, akaeleza. Pale shuleni kibao kipo kimoja kila darasa. Ukisikika unaongea Kiswahili unavishwa, unakwenda nacho nyumbani na kurudi nacho, mpaka umnase mwenzako naye anaongea Kiswahili. Hapo unakivua unamvika yeye. Atakayekutwa nacho Ijumaa anaosha vyoo. Na kikifika kipindi cha Kiswahili, mwenye kibao anakivua anakiweka juu ya dawati dakika arobaini. Kengele ikilia anakivaa tena. Nilimwambia arudie hapo. Akarudia. Yaani dakika arobaini lugha ni somo, dakika ya arobaini na moja lugha ni ujinga.

"Wewe ulisema nini mpaka ukavishwa?"

"Mwalimu Samson wa baiolojia aliuliza samaki anapumua kwa kutumia nini. Nilielewa swali, Bibi. Nikanyoosha mkono. Nikasimama, neno la Kiingereza silijui. Nikasema matamvua. Nikaeleza na maji yanavyopita."

"Kisha?"

"Darasa likacheka. Kibao siku hiyo alikuwa nacho Sophia, tunakaa dawati moja. Akanivika."

"Wiki mbili zote hukumnasa mtu hata mmoja?"

"Wanaongea wote, Bibi. Nawasikia. Sitaki kumvika mtu." Akavuta pua. "Na ukiongea na mtu anaona unamtega. Kwa hiyo siongei. Mkono sinyooshi tena. Bibi, niache tu shule, nikusaidie samaki."

Ijumaa mbili mjukuu wangu ameosha vyoo vya shule amevaa utepe niliomnunulia mimi.

Nilikwenda kutawadha, maana tumefundishwa hasira huzimwa kwa maji. Nikatawadha mara ya pili. Haikuzimika, na naandika haya bado haijazimika. Sina hasira na Kiingereza. Lugha ya watu, na Augustino anapata riziki yake humo. Hasira yangu ni kwa mtu mzima aliyekaa na msumeno akakata ule ubao, akautoboa tundu, akachovya brashi. Kazi ile inachukua muda. Alikuwa na nafasi ya kufikiri.

Asubuhi nilivaa baibui, nikamshika Anifa mkono, tukaenda. Kibao nilikibeba mimi ndani ya kanga. Mwalimu Samson tulimkuta ofisini, kijana wa miaka thelathini na kitu, mezani kwake mlima wa madaftari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu." Nikaweka kibao mbele yake. "Nimerudisha mali yenu. Utepe ni wangu, lakini nao uchukueni."

Alikitazama kilivyong'aa, akanitazama. Nikamweleza kwa nini kinang'aa, na kwamba mtoto sasa anataka kuacha shule. Sikupandisha sauti. Akainamisha kichwa.

"Mama, usidhani nafurahia. Hata mimi nilivaa nikiwa kidato cha kwanza. Mtihani wa taifa unakuja kwa Kiingereza, nisipowabana watafeli, na wewe huyo huyo utakuja kuniuliza."

"Ulipovaa wewe, kilikufundisha neno gani?"

Akaanza kupanga upya yale madaftari.

"Mwalimu, mimi ni mkaanga samaki, nielekeze. Siku ile ulimwuliza mtoto huyu samaki anapumua kwa kutumia nini. Alijibu?"

"Alijibu."

"Jibu lilikuwa sahihi au si sahihi?"

"Lilikuwa sahihi, mama. Tena alieleza vizuri kuliko kitabu."

Anifa aliinua kichwa. Ndipo nikajua kuwa ndiyo kwanza anasikia, na nikaona mwalimu naye anajua.

"Ulimwambia?"

Mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa anasahihisha nyuma akaacha kalamu. Mwalimu Samson akasema, "Sikumwambia."

"Wiki mbili mtoto anatembea mjini na neno mjinga kifuani, na wewe unajua alikuwa sahihi." Hapo sauti ilinitoka, nakiri. "Unasomesha watoto tisini, unachoka, nakuonea huruma wallahi. Lakini neno moja hilo lingekuchosha nini? Sahihi. Kisha umpe na la Kiingereza, aende nalo. Si ndiyo kazi uliyosomea?"

Alifungua droo ya meza, akakitia kibao ndani, akafunga. Akasema cha darasa lake hakitatoka tena humo, ila kwa madarasa mengine hana amri. Nikamwambia hayo mengine nitayafuata kwa mkuu wa shule leo hii hii, nimeacha samaki kwa Bi Moza kwa ajili hiyo. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akavuta kiti, akakaa usawa wa Anifa.

"Anifa, nilikukosea. Bibi yako ananiambia unataka kuacha shule. Niambie mwenyewe, unataka nini?"

Mtoto alininyang'anya mkono wake, akaufuta kwenye sketi. Kengele ya kipindi cha kwanza ikalia, wala hakushtuka. Akasema:

"Naomba uniulize tena lile swali la samaki, darasani, mbele ya wote."