Hatua Kumi na Tisa Juu ya Chemchemi

Baba yangu, Lazarus Shitanda, alipima ardhi kwa gambuti, yale mabuti yake ya mpira. Alisimama juu ya jicho la chemchemi, akageukia upande wa mlima, akahesabu hatua kwa sauti hadi hamsini. Ndani ya hatua hizo hamsini hakutaka choo, hakutaka kaburi, hakutaka zizi. Ukimwambia shamba lako ni dogo, alikujibu kwamba maji hayajui mpaka wa shamba. Alikuwa mtu mkali, na mimi Ayuma, bintiye, nimeurithi ukali huo. Kwa hiyo msitarajie nimsimulie kwa upole.

Kabla ya maji alikuwa mkata miwa upande wa Ekero. Alikata miaka kumi na minne, mpaka mgongo ukakataa, akarudi nyumbani kwetu kwenye mteremko nje ya Shirere, kwenye nusu eka aliyoachiwa na babu. Hiyo ilikuwa 1990, na mwaka uo huo ndipo Pasta Heneriko alipofika.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Henrik, Mlutheri kutoka Norwei. Alikuja na mkewe na mtoto mchanga wa kike aliyeitwa Tilda, basi yule mke tukamwita Mama Tilda, kama mama mwingine yeyote. Kwetu watu wengi ni Wafrendi, wale wa Kwaka, na Wakatoliki, na Walutheri wakati huo ungewahesabu kwa vidole. Wazee walimuuliza Pasta kanisa lake linakataza watu kunywa nini. Aliposema halikatazi, wawili wakajiunga papo hapo. Kiswahili chake alikisomea chuoni. Yeye alisema "maji haya" na sisi tukasema "hii maji", na watoto wakamcheka yeye.

Kazi yake kubwa haikuwa mahubiri, ilikuwa chemchemi. Mnachimba mpaka mlione jicho lenyewe, pale maji yanapotoka ardhini. Mnalijaza mawe, mnalifunika kwa nailoni na udongo wa mfinyanzi, mbele mnajenga ukuta wa simiti wenye bomba, na juu mnachimba mtaro wa kuzuia maji ya mvua. Baba alijifunza kazi hiyo kwa wiki tatu, na kufikia mwaka wa nne Pasta hakuanza jambo bila yeye. Kila chemchemi ilipewa jina la mwenye shamba, likaandikwa kwa msumari simiti ikiwa mbichi. Yetu iliandikwa CHEMCHEMI YA SHITANDA 1993. Baba alikuwa akipita pale hata kama hana shida ya maji, ili alisome jina lile tu.

Mwaka huo wa 1993 ndipo alipomfukia Roda choo chake. Roda alikuwa mjane, jirani yetu wa upande wa juu, na choo chake kilikuwa hatua thelathini na moja kutoka kwenye jicho. Nilikuwepo.

"Sasa mimi nitaenda wapi, Shitanda?" Roda aliuliza. "Unaona hii magoti yangu."

"Enda kwa jirani," baba alisema. "Hii maji ni ya watu wote."

Akakifukia yeye mwenyewe siku ileile, mbele ya wajukuu wa Roda. Mama yangu, Edah, alimwambia angengoja mpaka mama wa watu achimbiwe kingine. Hakungoja. Roda alitembea kwa jirani mwaka mzima, mvua na jua, akishikilia fimbo, ndipo kina mama wa kanisa walipomchimbia kingine kwenye kona ya mbali ya shamba lake. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Nilipomaliza kidato cha nne nikapata kazi nyumbani kwa Pasta, kule Amalemba. Nilifua, nilipika, nilimtunza Tilda, aliyekuwa na miaka mitano wakati huo. Nilimpenda mtoto yule, sitaficha. Alilala mgongoni mwangu mpaka miguu yake ikawa inaburuta. Aliniita Ayu.

Katika nyumba ile kulikuwa na ugomvi mmoja tu, na ulihusu maji ya kunywa. Mama Tilda alitaka yachemshwe. Pasta alikataa. Kila Jumamosi alienda na gari kwenye chemchemi yetu, akajaza mitungi miwili, na familia yake ikanywa vilevile yalivyotoka kwenye bomba.

"Nikiwaambia watu maji haya ni safi, halafu nichemshe ya kwangu," alisema mezani, "mimi ni mwongo."

Mama Tilda hakubishana tena. Tangu siku hiyo yeye alikunywa chai tu.

Basi, ikafika Agosti 1997. Kaka yangu Cornelius akaleta mke, jina lake Navalayo, msichana mcheshi ambaye alimfanya hata baba acheke. Tulifurahi wiki moja. Kisha likaja suala la choo.

Kwetu mke wa mwana hatumii choo kimoja na baba mkwe wake. Hilo halina mjadala. Hawali sahani moja, hawapeani mkono ovyo, na kwenye choo hawafuatani. Anayemwoza mwana anachimba shimo la pili. Lakini nusu eka yetu ilikuwa imejaa. Mbele kuna makaburi ya babu na nyanya, kando ni ua wa jirani, chini ni chemchemi yenyewe. Pahali pa pekee palipobaki ni nyuma ya jiko la Cornelius, juu ya jicho.

Baba alijaribu kumuuliza Pasta kwa mbali, kama mtu anayeuliza habari za mtu mwingine. Nilikuwa nikiwaandalia chai pale Amalemba.

"Mtu akiwa na shamba kidogo, Pasta, na kijana ameoa, choo ataweka wapi?"

Pasta akacheka kwa wema. "Watumie kimoja, Mzee Shitanda. Kwetu baba yangu, mke wangu, watoto, wote tunatumia choo kimoja. Hakuna aliyekufa."

Baba akacheka pia. Nilimjua baba yangu. Kicheko kile kilikuwa cha mtu aliyevuliwa nguo. Akamaliza chai yake, akaaga, na tangu siku hiyo hakumuuliza tena.

Jumatatu akaanza kuchimba. Mama akatoka jikoni akasimama kando ya shimo.

"Si ni wewe ulimfungia Roda choo?"

"Sasa unataka mimi na bibi ya kijana tukutane kwa mlango ya choo?"

Mama akarudi jikoni, kwa sababu hata yeye hakutaka hivyo. Jibu ninalo mimi leo. Angeweza kumwachia Navalayo choo kile cha zamani na yeye aende kwa jirani, kama alivyomwambia Roda. Magoti yake yalikuwa mazima. Lakini fundi mkuu wa chemchemi, mwenye jina kwenye simiti, aonekane akiomba choo? Mganga hajigangi. Alichimba futi kumi na mbili, akazungushia mabati, akapanda migomba kuficha, na Pasta alipopita Jumamosi na kuuliza, baba akasema ni bafu ya maharusi. Pasta akaamini. Angekosaje kumwamini Shitanda?

Jioni ile nilivaa gambuti za baba nikahesabu. Hatua kumi na tisa.

Nilichofanya ni hiki. Asubuhi iliyofuata Amalemba, Pasta alipotoka na Mama Tilda akiwa anamfundisha mtoto kusoma, nilimimina maji ya mtungi kwenye sufuria kubwa, nikayachemsha, nikayapoza, nikayarudisha mtungini. Nilifanya hivyo kila siku. Gesi ilipoisha haraka nilisema nilichemsha maharagwe. Sikumwambia Pasta, kwa sababu ningemwaibisha baba na kupoteza kazi. Nyumbani kwetu sikumwambia mtu achemshe, maana angeuliza kwa nini, na kuni zetu zilikuwa za ugali. Nilijidanganya kwamba udongo unachuja. Kama niliamini unachuja, basi nilikuwa nachemsha nini?

Oktoba mvua za El Nino zikaanza na hazikuacha. Mtaro wa juu ya chemchemi ulibomoka. Shimo la Navalayo lilijaa maji mpaka karibu na mdomo. Mwaka mpya Khisa, kaka yake Navalayo, akaja kutoka kando ya ziwa, ambako kipindupindu kilikuwa kimeingia. Alifika anaharisha. Alilala kwa dada yake siku mbili, akitumia choo kile, akapata nafuu akaondoka.

Siku kumi baadaye Mitchel, mjukuu wa Roda, msichana wa miaka minne, aliamka akitapika, na saa tisa mchana akawa amekufa.

Nilienda matangani na familia ya Pasta. Watu walikuwa wakinong'ona kuhusu maji. Roda mwenyewe, amekaa chini kwenye majani ya ndizi, aliniambia, "Ayuma, hii maji imebadilika. Mimi nakunywanga hii maji kila siku, naijua." Kina mama wengine walikuwa wameshaanza kuwakataza watoto wao bomba. Nilimtazama baba. Alikuwa amesimama nyuma ya watu, kofia mkononi, akiangalia gambuti zake.

Ndipo Pasta akaombwa kusema neno. Alisema habari za ufufuo, akalia, kwa maana aliwapenda watu wale. Kisha akasema alichosikia kuhusu maji, na akamshika Tilda mkono akamleta mbele.

"Huyu ni mtoto wangu wa pekee," alisema. "Anakunywa maji ya Chemchemi ya Shitanda kila siku, bila kuchemsha. Mtazameni. Msiogope maji haya. Ogopeni mito na madimbwi."

Watu wakamtazama Tilda, mnene, mashavu mekundu, katikati ya watoto waliokonda kwa mvua na njaa. Nikasikia watu wakishusha pumzi. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, nimeshika sweta yake. Mtoto aliporudi kwangu nikamvisha. Baada ya mazishi watu zaidi ya mia wakateremka kwenye bomba, wakanawa, wakanywa, wakawajazia watoto wao. Roda alikunywa kikombe kizima.

Kufikia mwisho wa Januari tulikuwa tumezika saba. Roda alikuwa wa pili. Wa saba alikuwa Navalayo, na mimba ya miezi minne.

Siku ile Navalayo alipokufa Pasta alikuja na ndoo ya dawa ya kutia kwenye maji. Alitukuta mimi na baba kwenye ngazi za chemchemi. Baba hakumsalimu. Alimshika mkono kama mtu anayemwongoza kipofu, akampandisha, akihesabu kwa sauti. Kwenye kumi na tisa akasimama, akafungua mlango wa mabati.

"Hii si bafu, Pasta. Ni choo. Nilichimba mimi."

Pasta aliinama akalitazama shimo. Kisha uso wake ukachangamka, nami nikaona kitakachosemwa kabla hajasema.

"Hapana, Mzee Shitanda, usijitese. Haiwezi kuwa maji. Tilda ameyanywa siku zote hizi. Kama ni maji, mbona Tilda hakuugua?"

Baba alinigeukia mimi, na kwa macho yake nikaona kwamba hata yeye alikuwa ameanza kutumaini.

"Nilikuwa nachemsha," nikasema. "Tangu Agosti. Yote."

Pasta hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa chini kwenye matope na nguo zake za kazi, akasema kwa lugha yao neno moja, akalirudia. Baba aliufunga mlango wa mabati taratibu, kana kwamba kuna mtu ndani. Sikurudi Amalemba tena. Aprili familia ile ikarudi kwao, na Pasta hakumwambia mtu yeyote hapa kijijini nilichomwambia.

Baba alisema lake. Kwenye mazishi ya Navalayo, mbele ya watu wake na wetu, alisimama akaeleza choo, hatua na bafu ya uongo. Alisema amemuua Roda baada ya kumtesa magoti. Cornelius aliondoka mazishini na mpaka leo hajalala kwetu. Baba alikifukia choo kile peke yake, akauvunja ukuta wa chemchemi kwa nyundo, lakini kipande chenye jina hakikuvunjika, kikabaki kimeinama kwenye matope. Miezi yote iliyobaki alienda kuteka maji mtoni, mbali, na mgongo wake ule, na hakuna aliyemsaidia. Hakunitaja. Si mazishini, si kwa mama, si hata tulipokuwa wawili tu. Mara moja nilianza kusema, akaniambia, "Nyamaza. Aibu moja inatosha kwa hii boma."

Alikufa Novemba 1999, akiwa na miaka hamsini na nne. Watu waliokuja kumzika hawakufika thelathini, na hakuna aliyeomba kusema neno. Walipokuwa wakitawanyika, Christine, binti wa Roda, mama yake Mitchel, alinijia. Nilidhani atanitemea mate, nami nikasimama wima ili anipate vizuri.

Akanishika mkono. Alikuwa amekonda sana.

"Baba yako alitumaliza," alisema. "Lakini wewe sina ubaya na wewe. Ule mtoto ya Pasta ulimtunza vizuri. Hakuguswa hata siku moja. Mungu alionanga kazi yako."

Alikuwa akinitazama machoni, akingoja nijibu.

"Asante, dada," nikasema.