Kengele ya Kozue

Jirani yangu Shigeno hufagia hekalu la mtaa wetu kila asubuhi, kuanzia kwenye lango jekundu mpaka kwenye kengele. Hakuna aliyemtuma. Jani likianguka nyuma yake, hulirudia huku akiligombeza.

Mwezi wa kumi kaka yake, Genzo, akafariki. Kwetu mwenye msiba hapiti chini ya lango la hekalu mpaka siku za maombolezo ziishe. Shigeno akauweka ufagio kando. Kilichomuuma kilikuwa kimoja: mjukuu wake Kozue ametimiza miaka saba, na mwezi uliofuata angepelekwa kwa mungu wetu kuombewa, amevaa kimono alichoshonewa na bibi yake kwa mkono. Bibi mwenyewe asingeyaona hayo.

Siku ilipofika nikamkuta amesimama nje ya lango, shingo kairefusha.

"Pita ubavuni, dada," nikamwambia. "Kuhani mwenyewe haoni mbali."

"Nani kakwambia namwogopa kuhani?"

"Basi hapa utaona nini? Mgongo wa mkweo?"

"Fusae, mdomo wako huo! Ukinyamaza, angalau nitasikia."

Nikanyamaza, jambo ambalo marehemu mume wangu hakujaliwa kuliona. Huko ndani kengele ikalia. Ikalia tena, ikazidi kulia, utadhani kuna nyumba inaungua. Kisha makofi mawili madogo ya kusali. Shigeno akainama palepale nje, naye akapiga yake mawili, uso umemchangamka.

Kozue akatoka mbio, mkanda umelegea, mfuko wa zile pipi ndefu za kumwombea mtoto maisha marefu ukimgonga magotini.

"Bibi, umenisikia?"

"Nimekusikia. Mtaa mzima umekusikia."

"Kuhani alikohoa, lakini sikuacha! Nilikuwa namwita mungu. Nimemwambia bibi yangu yuko nje, haruhusiwi kuingia, kwa hiyo atoke yeye amfuate."

Mtoto akavunja pipi, akampa kipande kirefu. Tangu msiba uingie, Shigeno alikuwa hajagusa kitu kitamu. Akakitia mdomoni papo hapo barabarani, akatafuna huku analia, huku anacheka. Jamani, hata mimi nilifuta macho.

"Na mimi je, sipati?" nikauliza.

"Wewe si unaruhusiwa kuingia?" Kozue akanijibu. "Nenda kamwombe mwenyewe."