Nilipeleka bass yangu madhabahuni ibarikiwe, wakaniambia si yangu tena

Wakuu, niaje humu.

Kwa miaka nimekuwa msomaji tu wa jukwaa hili, nikicheka mkigombana juu ya nyuzi za gitaa na amp. Leo naandika kwa sababu nina hasira na sina pa kuipeleka. Sitatia chumvi. Kisa chenyewe kinayo ya kutosha.

Mimi ni fundi wa vitanda na makochi. Naishi Gatwekera, Kibera, lakini nimelelewa mtaa wa Kongo, kule Kawangware, na mama bado amepanga huko, chumba kile kile tulichofikia tukitoka magharibi nikiwa mdogo.

Bass yangu niliitengeneza kwa mikono yangu. Shikeni hapo, maana hasira yote inatoka hapo.

Mwili ni mvule, kipande cha kaunta ya duka lililobomolewa. Shingo niliitoa kwenye gitaa la bass la Kijapani ambalo mwili wake ulikuwa umepasuka katikati. Pickup, zile sumaku za kunasa sauti ya nyuzi, nilipata moja, nikangoja karibu nusu mwaka ndipo nikapata ya pili. Waya za ndani nilichomelea mara tatu, na mara mbili za kwanza ilikuwa inanguruma kama friji ya butchery.

Miezi kumi na minne, wakuu.

Na karakana ninakofanya kazi hawakunipa nafasi ya mambo yangu, kwa hivyo msasa nilipiga ndani ya chumba cha mama, kati ya kitanda na jiko. Wakati huo nilikuwa bado nakaa kwake.

(Kuna mtu lazima atauliza uzito. Ni nzito. Mvule si mchezo, ukipiga seti mbili bega linakupeleka mahakamani. Lakini ukigusa uzi wa chini, sauti inakaa mpaka uiambie itoke.)

Nilikuwa na bendi, watu watano, mazoezi Mashimoni. Rumba, benga, harusi, matanga. Kiongozi wetu ni Ochi, mpiga solo, mtu wa maneno machache na mizaha mingi.

Jumapili nilipiga kwa kanisa la mama huko Kongo. Kanisa la mabati, si kubwa. Mama ni wa kwanza kwanza pale. Walipoanza na hema, yeye ndiye alikuwa anabeba maji ya kukandia udongo wa sakafu. Kwaya anaimba alto, sauti ya pili. Kanisa halikuwa na bass, kwa hivyo nilikuja na yangu na kurudi nayo. Hakuna aliyeona ajabu.

Sasa ikafika ile Jumapili.

Kanisa lilikuwa limepata speaker mpya na amp ya bass, inchi kumi na tano, kitu safi kabisa. Pastor akatangaza kwamba vyombo vyote vitawekwa wakfu. Kila chombo kinachomtumikia Mungu hapa kiletwe mbele.

Keyboard ikapelekwa. Drums zikapelekwa. Speaker zikabebwa na wanaume wanne.

Mama akaniangalia kutoka kwa kwaya, akanyoosha mdomo kuelekea madhabahu. Nikajifanya sioni. Akaja mwenyewe mpaka nilipokuwa.

"Baba, peleka yako pia ibarikiwe. Mbona unaificha?"

Nikapeleka.

Huo ndio ujinga wangu na naukubali hadharani. Mtu yeyote aliyekulia haya makanisa yetu anajua kitu kikiwekwa madhabahuni hakirudi. Siku ya mavuno mtu analeta kuku, analeta sukuma wiki, analeta ndizi, baada ya ibada vinapigwa mnada. Hujawahi kuona mtu akirudi nyumbani na kuku wake. Mimi nilijua hayo yote tangu utotoni. Lakini kichwani nilisema sadaka ni sadaka na baraka ni baraka.

Pastor akaja na chupa ya mafuta ya zeituni. Nilidhani atapaka tone moja kwa kidole. Wapi! Alimimina. Kwa nyuzi, juu ya pickup, yakashuka mpaka kwa pot, kile kitufe cha volume. Halafu akaenda kwa amp akamimina juu, pale penye matundu ya kutolea joto!

Wakuu, mafuta ndani ya amp. Nilifumba macho, na watu wakadhani nimeguswa.

Ibada ikaisha. Nikapanguza bass na shati langu, nikaanza kuitia kwa begi. Mwenyekiti wa kamati ya muziki akanisimamia. Ni mzee ana ploti zake tatu hapo Kongo, na kanisani pia anatembea kama caretaker.

"Kijana, unapeleka wapi hiyo chombo?"

"Home, mzee. Ni yangu."

"Ilikuwa yako. Sasa imepakwa mafuta. Huwezi toa kitu kwa madhabahu uende kupigia walevi nayo."

Nilicheka. Nilidhani ananitania. Akashika mkanda wa bass, na mimi nimeshika shingo, tukawa kama watu wawili wanagombania mbuzi.

Pastor akaja, sauti ya upole kabisa, ile ya kukuua. "Kijana, usipiganie kitu ushampa Mungu. Utajiitia laana ya bure."

Na watu wakasema amina! Watu ambao nimewatengenezea vitanda!

Nikamtafuta mama kwa macho. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nikaachilia. Mpaka leo nikikumbuka vile mkono wangu ulifunguka, najichukia. Ningeweza kuivuta tu na kutoka nayo. Lakini unapigana vipi kanisani, mbele ya mama yako?

Mazoezi yaliyofuata nilienda mikono mitupu.

"Maze, bass iko wapi?" Ochi akaniuliza.

"Iko church. Wameishika."

"Imeokoka?"

Wote wakacheka, hata mimi nikacheka. Lakini harusi haingoji mtu, na baada ya wiki mbili akaleta jamaa mwingine mwenye bass yake. Simlaumu Ochi. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Kanisani nilirudi kwa sababu mama aliniomba. Fikirieni hiyo fedheha. Naenda Jumapili, napewa bass yangu nipige, nikimaliza nairudisha kwa mzee kama mtu aliyeazima jembe. Nyuzi zilikuwa zimekufa kwa mafuta, hazina mlio, zinasema dup, dup. Pot ya volume inakwaruza. Nilisema si neno, hivyo vitu vinabadilishwa.

Kilichonimaliza ni shingo.

Walikuwa wanaiweka kwa stoo ya mabati nyuma ya madhabahu, karibu na jenereta. Mnajua joto la mabati saa nane mchana. Na nyuzi zimekazwa hivyo hivyo wiki nzima. Jumapili ya nne naishika, naona shingo imepinda kama upinde. Kwa fret ya kumi na mbili, ule mstari wa chuma katikati ya uzi, kidole changu chote kinapita chini ya uzi.

Katikati ya wiki nikatoka kazini mara moja, nikaenda kanisani na allen key yangu nirekebishe ile chuma ya ndani ya shingo. Kazi ya dakika tano. Mzee akatoka ofisini.

"Usifungue kitu. Hiyo ni property ya kanisa."

"Mzee, shingo inaharibika. Nataka tu kuinyoosha."

"Tutaita fundi."

Tutaita fundi! Mimi ndiye niliiunda bass yenyewe! Nilitoka pale kabla sijafanya kitu cha kunipeleka ndani.

Nikaenda moja kwa moja kwa mama. Nilimkuta anachagua maharagwe mlangoni, na hapo nikakosea mara ya pili. Hasira ya mzee nikammwagia yeye. Nikamwambia ni yeye aliyenituma. Nikamwambia alikaa kimya mtoto wake akiibiwa kwa sababu anaogopa kukosa kiti cha mbele.

Aliendelea kuchagua maharagwe. Nikaondoka bila kuaga, kutoka Kongo mpaka Gatwekera kwa miguu, na hasira haikupungua hata kidogo.

Jumapili hiyo niliapa siendi. Nikaenda. Nikaketi nyuma kabisa, sikupiga. Bass ilikuwa mbele kwa stand, imechomekwa kwa amp, inangoja mpwa wa mzee aipige kwa plectrum, ile plastiki ya kukwaruzia nyuzi, badala ya vidole. Hayo ya plectrum nayaacha, nisije nikatukana.

Ikafika wakati wa ushuhuda. Mnajua utaratibu, yeyote anasimama, na hakuna wa kumkatiza. Mama akasimama.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Mimi sina mengi. Hiyo kitu iko hapo mbele, mimi niliona ikitengenezwa. Ilitengenezewa kwa nyumba yangu. Vumbi ya hiyo mbao nilikula na ugali mwaka mzima na zaidi, nikakohoa, na sikumwambia atoe nje, kwa sababu niliona vile anaipenda."

Akamgeukia pastor.

"Mimi ndio nilimwambia alete ibarikiwe. Sikumwambia aitoe. Mungu ananijua na anajua kile nilisema. Kama kuna laana, ije kwangu, mimi ni mzee, nitaibeba."

Halafu akatoka kwa mstari wa kwaya, polepole, magoti yake si mazuri. Usher mmoja akamsogelea. Mama akamwangalia tu, na yule kijana akarudi nyuma. Mzee alisimama, akaita jina lake mara mbili. Mama hakugeuka.

Akashika bass kwa shingo, akaivuta.

Wakuu, amp ilikuwa imewashwa na volume iko juu. Cable ikachomoka. BAAM! Kanisa lote liliruka. Watoto wakalia. Mwanamke mmoja akaanza kunena kwa lugha.

Kila siku humu nasoma mkiambiana msichomoe cable amp ikiwa on, mtaua speaker. Nasimama na neno hilo. Lakini ile moja, hapana. Ile nilifurahia.

Akanijia mpaka nyuma, akanipa.

"Shika, inanichosha. Twende nyumbani."

Tukaenda.

Nilibadilisha nyuzi, nikasafisha pot, shingo nikainyoosha pole pole, robo mzunguko wa ile chuma kila siku. Imerudi karibu ilivyokuwa. Nimeshapiga harusi mbili na bendi nyingine.

Ningeweza kuishia hapo mkanipongeza. Lakini sikuandika kwa sababu ya hiyo.

Jumapili iliyofuata mama alivaa, akaenda. Akakuta kiti chake kwa kwaya kimekaliwa. Pastor akatangaza mbele ya wote kwamba amepumzishwa kwaya na kikundi cha kina mama mpaka atubu na kurudisha alichotoa madhabahuni. Mwanamke aliyebeba maji ya kukandia hiyo sakafu! Nilipomwambia nirudishe bass yaishe, ndipo kwa mara ya kwanza alinikasirikia.

"Ukirudisha, nitakuwa nilisimamia nini?"

Haendi tena. Jumapili anaamka, anafua, anapika, na anaimba zile nyimbo za kwaya. Lakini anaimba alto yake, kwa sababu hiyo ndiyo anajua. Mwenye masikio humu anaelewa ninachosema. Sauti ya pili ikiimbwa peke yake haisikiki kama wimbo. Juzi jirani alimuuliza ni wimbo gani huo, mama akacheka, akaacha kuimba.

Mimi nilikuwa nimeketi pale na bass magotini, sijui pa kuingia.

Funzo kwenu wapigaji wa makanisani ni moja. Kabla ya kupeleka chombo chako mbele, tamka kwa mdomo, mbele ya watu, kwamba ni chako na kitarudi nyumbani. Msiseme wataelewa. Hawataelewa. Na ukikasirika, mkasirikie aliyekukosea, usimpelekee mama yako.

Msiniletee mambo ya polisi na wakili, bass ninayo. Ninachotaka kutoka kwenu ni hiki: mnaopiga makanisa ya upande wa Kawangware, karibu na Kongo, mahali mama mwenye magoti mabaya anaweza kufika kwa miguu. Kuna kwaya yenu inayohitaji alto?

Anajua nyimbo zote. Andikeni hapa chini, nitamsomea.