Siku Niliyojibu "Kidogo Tu"

Mwanangu, siku ya intavyu yangu ya kwanza naikumbuka vizuri, kwa sababu nilirudi nyumbani Likoni meno nje, nikidhani nimeshinda. Sogea karibu nikuhadithie. Nasikia Jumatatu na wewe umeitwa, na tangu jana nakuona umekunja uso kana kwamba umepewa adhabu. Hebu ukunjue. Kuitwa ni jambo la furaha!

Ilikuwa miaka ya themanini, nami ndio kwanza nimemaliza kidato cha nne. Hoteli moja kubwa kule Shanzu ilikuwa inatafuta msichana wa mapokezi, wa kupokea simu na kuzungumza na wageni kwa Kiingereza. Niliitaka kazi ile mpaka nikawa naiota. Na baba alikuwa ameshasema lake: nisipopata kazi kabla ya Ramadhani, niende Msambweni kwa shangazi nikamsaidie kushona. Shangazi nilimpenda sana, lakini mimi na sindano hatujapatana mpaka leo.

Kiingereza nilikuwa nacho, ila kilikaa daftarini. Mdomoni hakikutoka. Aliyenisaidia ni jirani yetu Achieng, ambaye baba yake alikuja kutoka bara kufanya kazi bandarini. Achieng alikizungumza kwa makosa tele na hakujali hata chembe. Ndiye aliyetunga sheria: kila asubuhi tukipanda feri kwenda mjini kutafuta kazi, mlango ukishainuliwa, Kiswahili marufuku mpaka tufike ng'ambo. Weee, tulichekwa! Mimi namweleza kwa Kiingereza namna ya kupika mkate wa sinia, naye ananiuliza maswali kama mgeni wa hotelini. Kulikuwa na mama mmoja aliyevuka kila asubuhi na kapu la mihogo, akatuzoea mpaka akawa akituona tu anasema, "Haya, anzeni." Mwezi haukwisha ulimi ukawa mwepesi.

Basi siku ikafika. Tulikwenda wote wawili, Achieng akiomba kazi ya kuhudumu mezani. Nilipoitwa ndani niliwakuta wawili: meneja, mwanamume wa bara mwenye miwani, na mama mmoja mkuu wa mapokezi. Nikaamkia, nikainamisha macho kama nilivyolelewa. Meneja akaniuliza kwa Kiingereza kama nakizungumza vizuri. Nikamjibu, kwa Kiingereza kisicho na kasoro, kwamba najua kidogo tu. Je, naweza kuhudumia wageni? Nikasema labda, nikifundishwa, ingawa bila shaka wapo wanaonishinda. Na simu? Nikasema bado mimi ni mwanagenzi.

Usinicheke, mwanangu. Kwetu chakula chako kikisifiwa wasema hakikukolea, na ukiambiwa umesoma wasema wabahatisha. Nilikuwa nangoja wanibishie, waniambie, "Hapana, twaona unajua sana," kama wafanyavyo watu wetu. Hawakubisha. Waliandika kitu, wakanishukuru, nami nikatoka nikiamini wameona nimelelewa vyema.

Wiki ya pili Achieng akaitwa kazini. Mimi sikuitwa. Jioni yake ya kwanza alikuja kwetu moja kwa moja kutoka kazini, hata viatu hajavua.

"Mwanahawa, nimemuuliza yule mama habari yako," akasema. "Anasema wewe ni msichana mkweli. Eti uliwaambia mwenyewe hujui."

Nililia. Nilikuwa na hasira hata sijui namkasirikia nani. Achieng akaniacha nimalize, kisha akaniambia mapokezini bado hawajapata mtu, na mwezi ujao wataita tena. Ramadhani ilikuwa haijafika, kwa hivyo nilibakiwa na nafasi hiyo moja.

Bibi yangu mzaa baba, Bi Mishi, alikuwa amekaa uani akichagua mchele. Alikuwa mpishi wa arusi, na hakuna nyumba Likoni ambayo haikuwahi kula pilau yake.

"Mwanahawa!"

"Abee, Bibi."

"Njoo unambie walivyokuuliza na ulivyojibu."

Nikamweleza neno kwa neno. Akaweka ungo chini.

"Watu wakija kuniuliza kama naweza pishi la arusi yao, mimi huwajibu vipi?"

"Huwaambia waweza."

"Na nikiwaambia najua kidogo tu?"

"Watakwenda kwa mwengine."

"Kisha huko pilau ikaungua, kwa sababu ya adabu yangu. Sikiza. Ukikaribishwa chakula, sema umeshiba. Ukiulizwa kazi, sema kazi. Yule bwana hakukuita umuoneshe heshima. Ataka kujua akikutwika mzigo wake utaubeba au utaubwaga."

Tangu siku ile, kila tukimaliza kuswali alasiri, Bibi alinikalisha mbele yake. Aliniuliza kwa Kiswahili, nami nikamjibu kwa Kiingereza. Yeye Kiingereza hakujua hata salamu! Lakini nilikuwa sijafika katikati ya jibu, tayari ameinua mkono.

"Rudia. Kizungu chako sikijui, lakini sauti ya mtu aombaye radhi naijua. Umewakosea nini?"

Nikarudia, nikarudia tena, mpaka siku moja akanisikiliza hadi mwisho bila kuinua mkono. Nilifurahi kuliko siku nilipopokea matokeo ya mtihani.

Mwezi ukafika, nikarudi Shanzu. Meneja ni yuleyule, mama ni yuleyule. Meneja akaangalia karatasi yake, akaniangalia, akasema, "Mara iliyopita ulituambia Kiingereza unajua kidogo tu. Umejifunza chote mwezi huu?"

 Niliiona cherehani ya shangazi waziwazi. Nikajikaza kisabuni, nikainua macho, nikamjibu kwa Kiingereza:

"Bwana, ninakotoka mimi, mtu aliyelelewa vizuri hivyo ndivyo anavyosema ndiyo."

Yule mama aliangua kicheko, kumbe na yeye ni mtu wa Kisauni, wa pwani kama mimi. Sikungoja kicheko kiishe. Nikasema nakizungumza vizuri, nakifanyia mazoezi kila siku kwenye feri, na nikikosa neno nitamuuliza mgeni mwenyewe kuliko kujifanya nimeelewa. Mara simu ya mezani ikalia. Meneja akaisukuma kwangu. "Pokea."

Alikuwa mgeni aliyeko kwenye kiwanja cha ndege, upande wa Changamwe, anauliza jinsi ya kufika hotelini. Nikamwelekeza kutoka hapo hadi mjini, avuke daraja la Nyali, aje moja kwa moja hadi Shanzu. Nikamwambia na upande gani wa gari akae akitaka kuiona bahari. Nikaweka simu. Kazi nikapewa palepale!

Kwenye feri nilikutana na yule mama wa mihogo anarudi na kapu tupu. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba nimepata. Hakuelewa hata neno moja, lakini alipiga kigelegele feri nzima ikageuka.

Nyumbani majirani wakajaa uani. Mmoja akamwambia Bibi, "Kumbe mjukuu wako ajua Kizungu hivi!" Na Bibi, aliyenisumbua mwezi mzima, akavuta leso yake, akasema, "Ah, kidogo tu." Kisha akanitazama kwa pembeni, akacheka mpaka akajifuta machozi.

Haya, mwanangu. Adabu yako usiitupe, ila ijue mahali pake. Kiingereza kizungumze na yeyote atakayekubali kukusikiliza, na kosea huku ukicheka, maana hapa barazani kukosea hakukudhuru. Na Jumatatu ukiulizwa, waeleze uliyofanya na unayoweza, usizidishe wala usipunguze, huku unawatazama usoni. Usiwaombe radhi, hujawakosea.

Mola akufungue ulimi, akutulize moyo, akukutanishe na watu wema mezani pale. Nenda ukiwa na radhi zangu zote. Na utakaporudi na kazi, inshallah, majirani wakija hapa kuniuliza kama kweli mwanangu anajua, mimi nitavuta leso yangu na kuwajibu kama alivyojibu Bibi.